Anayechukua Anapeleka Wapi

Karantina, Jeddah
18 Septemba 2024

Kaka Ghalib,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekula na umelala, maana mara ya mwisho kukusikia kwenye simu ulikuwa na sauti ya mtu asiyelala. Sisi wazima. Mama na magoti yake ni vile vile, kukaa rahisi, kuinuka shughuli, lakini ulimi haujambo: anakusalimu mara tatu, moja yako, moja ya mke ambaye hujaoa, na moja ya hasira kwa kuwa simu hupokei. Mwanangu Arwa keshapita miaka miwili na sasa ana swali moja tu la kutuchosha. Maji yakiingia tunduni bafuni, "inakwenda wapi?" Gari la taka likipita, "inakwenda wapi?" Jana Mama kamaliza kusali, anakunja mswala, mtoto anamuuliza, "Dua inakwenda wapi?" Mama kacheka mpaka kasahau magoti.

Kwa kuwa simu hupokei, nakuandikia. Faris, yule kijana wa jirani anayeendesha pikapu ya mizigo kuja huko Riyadh, kasema atakupa mkononi. Kiswahili changu cha kuandika ndicho hicho alichotufunza Mama juu ya jamvi. Ukiona kosa, meza.

Sasa shida yangu. Ile programu yako imeanza kutoa mlio.

Unakumbuka nilivyoipata kazi hii. Abla Hala na kundi lake wanaimba kwenye harusi, upande wa wanawake, na mwanamume haingii, awe fundi awe nani. Akatafuta mwanamke wa kukaa kwenye mitambo, akanichukua mimi kwa kuwa nilisema nina kaka Riyadh anaandika programu za sauti. Nilijisifu kwa jina lako na wewe hukuniangusha. Ulikuja na kompyuta, ukaniwekea programu uliyoitengeneza mwenyewe, ukanifunza ipi sauti ya Abla, ipi ya ngoma, ipi ya mwangwi. Mimi niliyeacha skuli kabla ya wenzangu wote, leo nikisogeza kidole ukumbi mzima unajaa. Hujui raha yake.

Lakini tangu harusi za baada ya Hija, katikati ya wimbo spika zinatoa "tak!" Wiki iliyopita huko Rawdah, kwa watu wakubwa, ilitoka bibi harusi anaingia. Abla akashusha maiki, akaniambia mbele ya watu, "Yaa Mwanamize, hiyo ni sauti yangu au unanikaangia kitunguu?" Watu wakacheka. Ndani ya gari hakucheka tena. "Leo nimefanya mzaha," kasema. "Mlio ukitoka tena msimu huu, halas, basi, natafuta mwengine."

Kaka, Abla ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kwa serikali. Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, iko kwake, na ya Arwa inaning'inia kwenye yangu. Baba yake Arwa alipokwenda Maskati alikwenda na maneno yake yote, hatuma hata salamu. Abla akiniacha, sijui mimi na mtoto tutaambiwa turudi wapi. Babu alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na mimi Unguja sijaiona hata kwenye ndoto.

Kukurikodia usikie siwezi. Sheria ya Abla ni kwamba simu zote zinalala kwenye kikapu cha Selipher mlangoni. Selipher ni dada Mkenya anayefanya kazi kwa Abla, na hana mchezo. Hata mama wa bibi harusi, Selipher kampekua. "Mama, aki pole, lakini hiyo kitu inawaka taa ndani ya nguo yako ni nini?" Ilikuwa simu. Wanawake wanavua abaya mle ndani kwa kuwa wanajua hakuna jicho wala sikio la nje.

Niambie nifanye nini.

Nduguyo mdogo,
Mwanamize


Riyadh
11 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mwanamize,

Wa alaykum salaam. Unisamehe kwa kuchelewa. Kampuni imehamia jengo jingine na sisi wa programu tunatoka baada ya isha. Mwambie Mama mke bado, na magoti ayapake mafuta ya habasoda, si ya kupikia. Nibusie Arwa.

Kuhusu mlio, usiogope, ni jambo linalojulikana. Spika inadai vipande vidogo vidogo vya sauti, haraka sana, bila kukoma. Programu ikichelewa kutoa kimoja tu, panabaki pengo, na pengo hilo ndilo "tak" unalolisikia. Swali ni nani anayeichelewesha. Kwa kuwa mimi siwezi kuingia ukumbini na wewe huwezi kurikodi, itabidi uwe masikio yangu. Niandikie mlio unafanana na nini, unatoka wakati gani, na kwenye kompyuta kunatokea nini wakati huo.

Mambo mawili usiyabadilishe. Kompyuta usiiunganishe na intaneti, ikianza kujisasisha katikati ya harusi itakuaibisha. Na ile flashi ndogo nyeusi ikae ndani muda wote, ndiyo ufunguo, bila hiyo programu haifunguki. Nyengine kama hiyo nimempa Faris akuletee; kila baada ya harusi chache mpe moja aniletee, nyengine ibaki kwenye kompyuta.

Kaka yako,
Ghalib


Karantina, Jeddah
27 Oktoba 2024

Kaka Ghalib,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisomea jikoni. Mama kasema hayo mafuta ya habasoda upake wewe kichwani, labda utakumbuka una mama. Kisha kayapaka. Arwa alishikwa na mafua, tukalala naye kifuani kwa zamu, sasa anakula tena na kuuliza tena.

Masikio yako yanaripoti. Abla nimemwomba anivumilie mpaka jibu lako lije, kakubali kwa shingo upande. Mlio ni mkavu, hauvumi. Mimi nilisema kama njiti ya kibiriti inavunjika, Selipher akasema, "Hapana bwana, ni kama mtu amekanyaga biskuti kwa carpet." Nimeona yeye ndiye kapatia. Unatoka mmoja, kisha sauti inaendelea kama haikuwa yeye. Nilidhani ni mikono yangu, nikaikalia wimbo mzima, ukatoka vile vile. Ila nimeona kitu. Ile taa ya flashi hupepesa. Ikipepesa haraka haraka, ndipo tak. Si kila mara, lakini mlio bila taa sijaona.

Jambo jengine si la programu, ila nataka kukuhadithia kwa kuwa wewe ni kaka yangu. Dada yake Abla amefariki Madina. Alizikwa asubuhi na jioni Abla alikuwa na harusi ya watu waliomwekea tarehe tangu mwaka jana, akakataa kuwavunjia. Alipofika kwenye wimbo wa kumwingiza bibi harusi, pale panapoitwa "binti wa nyumba yetu," sauti ikamkatika. Alilia, kaka. Pumzi moja tu, kama mtoto anavyovuta kamasi, halafu akarudi kwenye wimbo bila kuikosa ngoma. Mimi nikapandisha mwangwi na ngoma kidogo kumfunika. Ukumbini hakuna aliyejua, tulijua sisi wa kundi tu. Alipopita kwenye mitambo alinishika mkono. "Umenisitiri, binti yangu," kaniambia.

Sijawahi kuambiwa neno kubwa kama hilo.

Flashi iko kwa Faris pamoja na barua hii. Nifanyie haraka, harusi za Novemba zimeshikana.

Mwanamize


Riyadh
6 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Natumai nyote hamjambo. Nimechelewa tena, najua. Huku baridi imeingia na kazi haipungui.

Ugonjwa nimeupata, na kwa maelezo yako. Ngoja nikueleze vizuri, maana uliniomba nikufunze na nilikuacha njiani.

Ndani ya programu kuna wafanyakazi wengi wanaokwenda kwa pamoja, sisi tunawaita nyuzi. Mmoja kazi yake ni sauti tu. Wanapotaka kupeana kitu, njia ya kawaida ni kufuli: anayeingia stoo anajifungia, mwenziwe anangoja nje mpaka amalize. Kwa kazi nyengine hiyo ni adabu. Kwa sauti ni maafa, kwa sababu spika haijui kuwa kuna mtu amesimama mlangoni anangoja kufuli. Mimi niliweka kufuli mahali nisipopaswa.

Sasa nimeiondoa. Nimetumia maktaba. Si ya vitabu. Ni programu ambazo watu wamekwisha kuziandika kwa uangalifu mkubwa wakazitoa, na sisi wengine tunajenga juu yake. Ndani yake mna foleni isiyo na kufuli. Ione kama sinia la duara lililopangwa finjani. Mmoja anaweka tu, mmoja anachukua tu. Anayeweka ana alama yake ya finjani aliyofikia, anayechukua ana alama yake, na hakuna anayegusa ya mwenziwe. Kwa hivyo hawagombani na hawangojani. Hata sinia likijaa, mfanyakazi wa sauti hasimami. Kipande hicho anakiacha, anaendelea na kazi yake. Anaweka na kwenda, hageuki nyuma. Mwengine atachukua taratibu, kwa wakati wake.

Sheria ni hiyo moja: uzi wa sauti haungoji mtu.

Programu mpya imo kwenye flashi hii. Na taa yake ifunike na kitambaa, isikushughulishe.

Ghalib


Karantina, Jeddah
29 Desemba 2024

Kaka yangu, fundi wangu,

Kimya! Harusi nne na hakuna mlio! Mama kafurahi, kapiga vigelegele peke yake jikoni, jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Sisi wazima, Arwa anajua kuhesabu mpaka tano akikosea tatu.

Usiku wa kwanza nilikaa nimeshika moyo. Nyimbo zikapita. Abla akawa ananitazama kwa pembe ya jicho, nami namtazama, kama watu wanaongoja mtoto aamke alie. Hakuamka. Mwishoni kaja kaniambia, "Leo kitunguu hakuna?" Nikamwambia mafi, hakuna, Abla, kitunguu kimekwisha. Akacheka, kisha akasema ikama yangu ataipeleka ikafanywe upya yeye mwenyewe, na ya mtoto, na mwakani nimlete Arwa ukumbini azoee. Kaka, njiani kurudi nililia ndani ya niqabu, hakuna aliyeona. Nimeanza hata kupanga. Arwa atasoma, atafika pale nilipoachia na kupita.

Taa nimeifunika kwa soksi ya Arwa, ile nyekundu ndogo iliyobaki moja. Inafaa kama ilishonewa.

Na lile somo lako nimelijaribu nyumbani. Nilipanga finjani kwenye sinia, nikamwambia Arwa, mama anaweka tende, wewe unachukua, mama hangoji. Alikwenda vizuri mpaka tende zikaisha. Bibi yake kauliza namfunza nini mtoto. Nikamwambia, programu. "Hiyo programu itamuumiza tumbo," kasema.

Halafu Arwa kaniuliza swali lake. Tende inakwenda wapi? Nikamgusa tumbo. Nikacheka, lakini baadaye nikaifungua tena barua yako. Umeandika uzi wa sauti unaweka na mwengine anachukua. Sasa spika inapewa sauti na uzi wa sauti wenyewe, si ndiyo? Basi huyo mwengine anayechukua, anachukua nini, na anapeleka wapi?

Nauliza nijue tu, si kwa ubaya.

Mama anasema njoo, japo kwa siku mbili. Flashi iko kwa Faris kama kawaida.

Mwanamize wako


Riyadh
10 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kwa harusi zako. Kwa Faris kuna mashine ya kupimia presha, ya Mama, na mwanasesere wa Arwa. Nami nina habari njema: kazini nimepandishwa, sasa nina watu chini yangu.

Ramadhani sitaweza kuja. Swali lako ni refu, mambo ya ndani ya programu hayaelezeki kwa barua. Ni vipimo tu, vya kusaidia programu iwe bora.

Flashi ya Januari sijaipata. Usisahau.

Ghalib


Karantina, Jeddah
20 Machi 2025, Ramadhani

Kaka Ghalib,

Mama anakusalimu. Anajipima presha kila baada ya futari na kuwaonesha majirani, "Katuma Ghalib." Arwa anafunga mpaka saa nne asubuhi kisha anafuturu. Mwanasesere kampa jina lako.

Nataka kukuhadithia nilikokwenda jana.

Nilishuka Balad na Selipher kumtafutia Arwa nguo ya Idi. Watu wamejaa, tumechoka, tukasimama mlangoni pa duka moja la manukato tupate ubaridi. Ndani wana skrini kubwa inaonesha tangazo la udi wa Idi. Mwanamke haonekani, ni moshi tu na sauti ya mwanamke anaimba. Maneno ni ya udi, sifa za udi na nyumba na wageni. Sauti ni ya Abla.

Selipher kasema, "Aii, Mwanamize, si huyu ni madam?" Nikamwambia hapana, mtu kamfananisha tu. Abla hajaimba nje ya ukumbi wa wanawake maisha yake, mumewe alipokuwa hai hakuimba hata mbele ya shemeji zake. Nikasema hivyo na nikataka kuondoka.

Kisha ikaja. Katikati ya maneno ya udi, pale panapotajwa nyumba, sauti ikakatika. Pumzi moja, kama mtoto anavyovuta kamasi. Na ikarudi.

Kaka, kile kilio kilitoka mara moja duniani. Kilitoka siku ya msiba wa dada yake, na mimi ndiye niliyekifunika. Muuza duka anasema kwa wateja, "Sikilizeni hapo, inavyogusa moyo."

Nilikaa chini kwenye ngazi za duka. Selipher alidhani ni swaumu.

Simu nimekupigia mara nyingi, hupokei. Kwa hiyo nakuuliza tena kwa barua, na mara hii usiniletee mashine ya presha. Huyo anayechukua, anapeleka wapi?

Flashi ya Januari ninayo mimi.

Mwanamize


Riyadh
24 Machi 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeipata barua yako leo na leo hii naijibu, Faris nimemzuia mlangoni.

Kwanza tulia. Sauti uliyoisikia si ya Hala. Ni mashine inayoimba yenyewe, imejifunza kutoka sauti nyingi. Maneno yale ya udi Hala hajayasema, sasa vipi iwe sauti yake? Hakuna jina, hakuna uso, hakuna atakayemjua. Kampuni ilihitaji sauti za wanawake wa Hijazi wanaoimba kwa ngoma zao, na sauti hizo haziuzwi popote. Zilipatikana. Kama ni vipande vichache vya kwa Hala vilivyoingia, ni miongoni mwa maelfu.

Pale kwenye kilio, mashine inachukua kinachogusa watu. Hakuna aliyekusudia.

Nielewe na mimi. Wewe una kafili, mimi pia nina kafili. Ningekataa, angefanya mwengine, na mimi ningekuwa nje. Programu yako ilipona kwa kazi hiyo hiyo, ikama yako imepona kwa kazi hiyo hiyo. Usimwambie Hala. Ukimwambia utajiharibia wewe na mtoto kabla ya kuniharibia mimi.

Flashi mpe Faris tafadhali. Usiifungue.

Nakuomba kwa haki ya Mama.

Kaka yako anayekupenda,
Ghalib


Karantina, Jeddah
14 Aprili 2025

Ghalib,

Wa alaykum salaam. Mama mzima. Arwa mzima. Idi tulikula vizuri, nguo ilikuwa ya kijani.

Barua yako ndiyo ya kwanza kuja bila kuchelewa. Mlio ulipokuwa wangu ulinijibu kwa miezi. Hofu ilipokuwa yako ulijibu siku hiyo hiyo. Nimeisoma nikitafuta neno moja, "nilirikodi," nikalikosa. Umeandika "zilipatikana." Kama pochi iliyoanguka njiani.

Nilifanya ulivyoniomba, ujue. Nilinyamaza. Idi nzima nilinyamaza. Nilijiambia Arwa, ikama, Mama, na wewe pia, maana nikifumba macho bado nakuona unanibeba mgongoni tukienda chuo cha Kurani. Nilijiambia huenda Abla hatalisikia lile tangazo.

Kalisikia. Mwanawe kamtumia, akicheka, "Mama, kuna mtu kakuiga." Na Abla mwanzo alifurahi, wallahi, alifurahi kidogo kama mtu yeyote angefurahi. Mpaka alipofika kwenye kilio.

Ijumaa iliyopita kaita kundi zima nyumbani kwake. Katuwekea simu mezani, ikaimba. Kisha akamgeukia Selipher. "Mtu kaingiza simu siku ile. Na simu zinapita kwako."

Selipher kasema, "Madam, hata yangu iko ndani ya hiyo kikapu. Hata ya bibi harusi. Niapie nini?"

"Usiape. Yalla, kusanya nguo zako. Kesho ofisi iliyokuleta itakuchukua."

Selipher ana watoto wawili Kitale, mdogo ana umri wa Arwa. Alianza kufungua aproni yake, fundo halifunguki. Nilimtazama anavyohangaika na lile fundo. Akasema, hakumwambia mtu, akisema na aproni, "Sasa nitawaambia nini hao watoto?"

Nikasimama. Nikasema, "Abla, si simu. Ni kompyuta yangu."

Nilimweleza yote, kwa Kiarabu changu cha ukumbini, kwa finjani zake mwenyewe zilizokuwa mezani. Kwamba mlio ule uliotuaibisha ulikuwa kufuli, sauti ikingoja mwizi amalize kuandika. Kwamba ulipokwisha mlio, wizi haukwisha, ulinyooka tu. Kwamba ulivyokuwa ukinisifu, Abla, kwa kimya kile, ulikuwa unasifu wizi huo. Na kwamba usiku ule nilikufunika kwa watu waliokuwa mle ndani, na huku nyuma ya mkono wangu, ndani ya flashi ile inayopepesa, kilio chako kinakwenda Riyadh.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimwambia Selipher afunge aproni yake. Kisha akaniambia taratibu, "Sitakwenda polisi. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya Arwa. Ikama yako itakaa mpaka muda wake uishe. Baada ya hapo mimi si kafili wako, tafuta. Na ukumbini kwangu usikanyage."

Nikamwambia sawa, Abla. Nikambusu kichwani, akaniacha nimbusu, ila hakunishika mkono.

Tangu hapo natafuta. Selipher kanipeleka kwa mama mmoja anayeshona nguo za harusi Balad, kasema atanitazama mwezi huu. Huenda akakubali, huenda asikubali. Arwa namwambia tutapata, na nikimwambia yeye naamini na mimi. Mama hajui lolote. Kila akipaka magoti mafuta anakuombea dua, na Arwa anauliza inakwenda wapi, na mimi siku hizi natoka nje.

Kompyuta yako iko kwa Faris. Flashi ya Januari sikuileta. Nilimpa Abla mkononi, kaitia kwenye kinu cha kahawa akaiponda mwenyewe, tukimtazama wote. Soksi nimebaki nayo.

Nilikuwa naiona ile programu ya mwanzo mbovu, nikakusumbua kwa barua uitengeneze. Kumbe ile ndiyo ilikuwa na haya kidogo. Ikichukua, ilisema.

La mwisho. Abla aliniuliza jina lako kamili na kampuni unakofanya kazi. Nilichomjibu sikiandiki hapa. Ukitaka kukijua, usimtume Faris. Panda uje, ukae kwenye jamvi mbele ya Mama, utamke kwa mdomo wako yule anayechukua alikuwa anapeleka wapi, na mimi nitakwambia nilimjibu nini.

Mpaka siku hiyo, wewe ngoja.

Mwanamize